Maji ya Karatu: Bomba, Katoni au Chupa Kubwa?

Kama kesho unapanda Ngorongoro na pesa ni ya mawazo, maliza suala la maji leo ukiwa Karatu mjini. Ukishapita Lodoare, lango la kuingilia hifadhi, maduka ni ya kutafuta, na chini kwenye kreta usitegemee duka. Hotelini, chupa ileile ya dukani utailipia bei ya hoteli.

Maji ya bomba ni karibu bure, ila usiyanywe mabichi. Yachemshe. Ukingo wa kreta uko juu, mita kama 2,300, na huko maji huchemka kabla ya nyuzi 100, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu nzima. Gharama inayosahaulika ni gesi au mkaa. Ukilala gesti, omba wakuchemshie, na uulize bei kabla chupa ya chai haijajazwa.

Kuna jambo moja moto hauliwezi: floraidi. Ukanda huu wa Bonde la Ufa una vyanzo vyenye madini hayo kwa wingi. Meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa Arusha yanatokana nayo. Kuchemsha hakuyaondoi, vidonge vya klorini pia haviyaondoi. Mgeni wa siku mbili asihangaike. Anayehamia kikazi na watoto wadogo aulize maji ya mtaa wake yanatoka wapi, maana vyanzo havilingani.

Chupa zipigie hesabu kwa lita. Nusu lita kwa sh. 500 ni sh. 1,000 kwa lita. Lita moja na nusu kwa sh. 1,000 ni kama sh. 670. Ukinunua katoni kwenye duka la jumla, bei hushuka zaidi. Kabla ya kulipa, igeuze chupa kichwa chini uibane: ikivuja, au pete ya kifuniko ikiwa imeshakatika, irudishe. Wapo wanaojaza chupa za kuokota. Tazama pia nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Chupa kubwa ya lita 18.9 ndiyo nafuu kwa lita, lakini mara ya kwanza unalipia na chombo chenyewe. Uliza kama ukikirudisha unarudishiwa pesa. Bila gari lako, ni mzigo tu.

Wawili kwa siku mbili: katoni ya chupa sita za lita moja na nusu, na chai ya maji ya bomba yaliyochemshwa. Basi la wanafunzi: chupa kubwa, kila mtoto aje na kichupa chake cha kujazia.