Elimu ya Juu ya Kuongoza Kwaya na Faida Yake kwa Sharika za Kilimanjaro

Katika sharika za Kilimanjaro, mtu aongozaye waimbaji hapewi jina kwa kazi ya mikono yake. Huitwa mwalimu wa kwaya. Jina hili lamfaa. Waimbaji wengi hawasomi noti, bali hujifunza wimbo kwa kuifuata sauti ya mwalimu, au kwa herufi za sol-fa, utaratibu ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu hulifundisha kila kundi sauti yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, mpaka zote zipatane.

Basi mtu wa Kiboriloni, penye soko na njia ipandayo Moshi ya Kale, akiambiwa kwamba ng'ambo wako watu ambao, wakiisha kupata shahada ya kwanza, husoma miaka miwili zaidi ili wapate shahada ya uzamili katika kuongoza kwaya, huuliza: Je, kupunga mikono kwahitaji miaka miwili? Swali hili lastahili jibu, kwa maana usharika umtumao mwalimu wake humkosa muda huo wote, na huenda akarudi mtu mwingine.

Kwa kweli mikono ni sehemu ndogo ya elimu hii. Kwanza, mwanafunzi huzoezwa kuusoma wimbo ulioandikwa, naye kimya, hata azisikie sauti zote nne kichwani kabla hajakutana na waimbaji. Pili, hufundishwa kusikia. Kwaya ikianza kushuka, haitoshi kusema, "Mmeshuka". Yampasa ajue kama ni pumzi iliyopungua, au vokali iliyotamkwa kwa kinywa kilichofumbana, au sauti ya nne iliyowavuta wenziwe. Tatu, hujifunza jinsi sauti ya mwanadamu inavyofanya kazi, pamoja na historia ya nyimbo za kwaya. Ndipo ifuatapo mikono. Hapo hufundishwa kwamba ishara iliyo kubwa kuliko zote ni ile itanguliayo noti ya kwanza, kwa maana ndiyo iwapayo waimbaji pumzi, mwendo na nguvu ya sauti kwa mara moja. Mwishoni huongoza kwaya mbele ya watu na waalimu wake, na mara nyingi huandika pia habari ya uchunguzi wake.

Lakini kwetu liko jambo lingine zito, nalo ni la lugha. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mji walikotoka ndio ule ambamo Johann Sebastian Bach aliongoza uimbaji wa kanisa la Thomas tangu 1723 hata alipokufa mwaka 1750, na ambamo Felix Mendelssohn alianzisha chuo cha muziki mwaka 1843. Walileta tenzi zao na lahani zake, nazo zilipendwa, tena zapendwa hata leo. Lakini lahani nyingi za Kijerumani huanza kwa noti dhaifu, kisha hufuata noti yenye nguvu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho; hivyo maneno kama Mungu, Baba, Bwana na Yesu huanza kwa nguvu. Neno la namna hii likiwekwa mwanzo wa lahani ya namna ile, mkazo huanguka mahali pasipo pake. Nasi twajua kwamba mkazo waweza kugeuza maana: barabara ni njia mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, na ni sawasawa ukiwa katika silabi ya pili. Katika Kichagga shida yazidi, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Lahani ikipanda mahali ambapo neno hushuka, msikiaji aweza kupotewa na maana, ingawa kwaya haikukosa noti hata moja.

Bruno Gutmann, aliyetumika miaka mingi Moshi ya Kale, aliyaandika mafundisho ya kikabila ya Wachagga katika vitabu vitatu kati ya 1932 na 1938. Kazi hiyo yatuonyesha kwamba desturi ya wenyeji yastahili kuchunguzwa kwa bidii ya mwanachuoni. Na matunda ya wimbo wa nchi yameonekana. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa Makumira, alitunga "Mfurahini, Haleluya". Wimbo huo umetafsiriwa kwa Kijerumani na kutiwa katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Hivyo waliotuletea tenzi, nao wamepokea utenzi kwetu.

Basi mtu apelekwe ng'ambo? Apelekwe, lakini kwa utaratibu. Aanze karibu: Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Usa River, hufundisha muziki hata shahada ya kwanza. Kabla hajaondoka, ajue kuzisoma noti pamoja na sol-fa, maana vyuo vingi humjaribu mtu kwa kumweka mbele ya kwaya na wimbo ulioandikwa. Tena akusanye nyimbo za wazee wa kwao, aziandike maneno na lahani, na achukue swali hili la mkazo na sauti liwe uchunguzi wake. Waalimu wa huko watamsaidia kulipima, lakini hawawezi kulijibu badala yake, kwa sababu hawakukua na lugha hiyo masikioni.

Naye akirudi, wazee wa usharika wasimpime kwa ugumu wa nyimbo alizoleta. Na wasimame mlangoni mwa kanisa, wawaulize akina mama watokao ambao hawakuwa na kitabu mkononi: Kwaya imeimba nini leo? Wakiweza kuyarudia maneno, ile miaka miwili haikupotea.