Motokaa Inapochemsha

Siku hizi watu wengi wa wilayani wana motokaa zao wenyewe, na wengi huziendesha mahali palipo mbali na gereji. Katika maradhi ya motokaa hakuna ugonjwa uharibuo mali upesi, wala uunguzao watu, kama huu wa kuchemsha. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze habari zake kwa urefu, ili mwenye gari aweze kuijua sababu yeye mwenyewe kabla hajatoa fedha kununua kitu kisichohitajiwa.

Kwanza tujue joto hilo latoka wapi. Petroli au dizeli inapowaka ndani ya injini, si nguvu yote iendayo kwenye magurudumu. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, na karibu theluthi huingia katika chuma cha injini ikawa joto tupu. Maji yazungukayo ndiyo yanayolichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, na huko upepo huliondoa. Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi: motokaa za Ford Model T, zilizotengenezwa tangu 1908 hata 1927, karibu zote hazikuwa na pampu ya maji, bali maji yalizunguka yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Injini za leo zina nguvu nyingi mno kwa njia hiyo, nazo vichwa vyake vingi ni vya alumini, ambayo ikipata joto kupita kiasi hupinda.

Wengi hudhani kifuniko cha rejeta ni kizibo tu kama cha chupa. Sivyo. Ndani yake mna springi, na kazi yake ni kuyabana maji. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 pwani, na kadiri tupandavyo mlimani huchemka mapema zaidi. Mbeya mjini, penye kimo cha mita 1,700 hivi, huchemka kwa digrii 94 au 95. Lakini yakibanwa na kifuniko kizima hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120. Basi mtu akikifungua hali injini ina moto, mbano huondoka ghafula, na maji ya digrii 110 yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia usoni na kifuani. Wala kitambaa mkononi hakimkingi. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yenye kutiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta wala yai.

Tuseme sasa dereva ametoka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la bonde, anaupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa na mzigo mzito. Mshale wa kipimo cha joto waanza kupanda. (Baadhi ya motokaa ndogo hazina mshale, zina taa tu: ya buluu maana yake injini ingali baridi, na nyekundu maana yake imepita kiasi.) Mshale ukiwa haujafika kwenye alama nyekundu, azime kipoza hewa, afungue madirisha, na awashe hita kwa nguvu zake zote. Abiria watalalamika, walakini hita ni rejeta ndogo ya pili, nayo huiondolea injini joto jingi. Ukifika kwenye nyekundu, au mvuke ukitoka, hapana budi kusimama mahali salama na kuzima injini mara moja. Kila dakika ya kuendelea yaweza kuwa gharama ya injini nzima. Asubiri hata rejeta ishikike kwa mkono bila kuumiza, jambo litakalochukua nusu saa au saa nzima, ndipo afungue kifuniko polepole na kuongeza maji. Kuimwagia injini maji baridi juu ni kosa, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupasuka.

Gari likiisha kupoa, kazi ya kutafuta sababu yaanza, na shahidi mkubwa ni wakati lilipochemsha. Gari likipata joto linaposimama au linapokwenda polepole katika msongamano, kisha likapoa likishika mwendo, tatizo karibu daima ni feni: fyuzi imeungua, mota ya feni imekufa, au, kwa feni izungushwayo na injini, mkanda umelegea au klachi ya feni imechoka. Likiwa zima mjini ila lachemsha mlimani au katika mwendo mkali, shaka yetu iko kwenye rejeta. Tazama kwanza nje yake, maana kwa wanaopita njia za vumbi na majani, matope na mbegu za nyasi na wadudu huziba nafasi za upepo. Maji ya bomba ya nguvu ndogo, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, huondoa uchafu huo bila malipo. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, maji yamepungua au thamostati imegoma kufunguka. Shika mpira wa juu wa rejeta kwa uangalifu: mshale ukiwa juu nao mpira ungali baridi, maji hayapiti.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya thamostati, kwani mafundi wengi huiondoa na kuitupa, wakisema kwamba nchi zetu ni za joto na haina kazi. Sisi hatukubaliani nao. Injini isiyofika joto lake hula mafuta mengi, kwa kuwa kompyuta yake hudhani ingali baridi, nayo huchakaa upesi. Tena katika injini nyingi thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato, ambayo maji hupitia kurudi injini bila kufika kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, na gari lililoondolewa thamostati lisichemshe laweza kuchemsha zaidi. Kuipima ni rahisi. Ifunge uzi, itumbukize katika sufuria ya maji bila kugusa chini, na uyachemshe. Ikiwa imeandikwa 82, itaanza kufunguka karibu na digrii hizo, na hata kwa watu wa milimani itafunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine. Sufuria hiyo isipikiwe tena.

Maji yakipungua kila juma na hapana tone chini ya gari, tazama kama zulia la mbele limelowa, maana hita yaweza kuvuja ndani. Tazama pia pampu, na kifuniko chenyewe, ambacho mpira wake hukauka na bei yake ni ndogo. Ndipo uogope gasketi ya kichwa cha injini. Dalili zake ni moshi mweupe mwingi usiokoma hata injini ikiisha kupata moto, mapovu katika rejeta, mpira wa maji unaokuwa mgumu mara tu injini baridi inapowashwa, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Walakini wakaaji wa nchi za baridi kama Njombe wasifadhaike wakiona utando mdogo wa namna hiyo chini ya kifuniko cha oili tu. Safari fupi fupi huacha unyevu pale. Hakika hupatikana kwenye kijiti cha kupimia. Gasketi ikiwa imeungua, gari lisiendeshwe, na fundi apime kichwa kama kimepinda kabla ya kufunga mpya.

Maji ya mto au ya kisima yafaa kukufikisha nyumbani, si zaidi. Chumvi zake hujenga magamba ndani ya rejeta kama yale tuyaonayo katika birika la chai, na kutu hufuata. Kilichokusudiwa ni kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yaongezwayo katika betri, wala si tindikali yake. Rangi yake si ya kutegemewa, kwa kuwa kila kiwanda chachagua yake. Soma kitabu cha gari. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu, nayo yaweza kumuua mtoto au mbwa. Isihifadhiwe katika chupa ya soda, isimwagwe uani, na aliyeinywa apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa aonekana mzima, pamoja na chupa yenyewe ili mganga ajue alichokunywa.