Kombora limedunda kweli? Tuitazame tena video ya Yemen

Huenda nawe umeshatumiwa ile video kwenye WhatsApp. Kitu kidogo kinakatiza juu ya bahari kwa kasi, kombora linakuja, linakigonga, halafu kitu kinaendelea na safari yake. Video hii haikuzushwa na wahuni wa mtandaoni. Ilionyeshwa tarehe 9 Septemba 2025 na mbunge Eric Burlison kwenye kikao cha Baraza la Wawakilishi la Marekani. Kwa maelezo yake, ilirekodiwa tarehe 30 Oktoba 2024 nje ya pwani ya Yemen na droni ya kijeshi aina ya MQ-9, na droni nyingine ndiyo iliyofyatua kombora la Hellfire.

Wengi walioitazama wameondoka na mambo mawili: kitu kina kasi ya ajabu, na kombora halikukifanya lolote. Mimi nina mashaka na yote mawili. Tuanze na kasi, maana ndiyo yenye fizikia tamu.

Ukiwa ndani ya basi, nguzo za umeme kando ya barabara zinakimbia kurudi nyuma, ilhali mlima wa mbali umetulia. Nguzo hazijaenda popote, unayekwenda ni wewe. Hiyo ndiyo paralaksi. Sasa njoo kwenye droni. Kamera yake ikishakidaka kitu, inajigeuza yenyewe ili kukibakiza katikati ya picha. Kwenye skrini kitu kimetulia, bahari nyuma yake ndiyo inayokimbia. Ubongo wako unajua bahari haihami, kwa hiyo unaamua kwamba kinachokimbia ni kitu.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Chukua droni inayokwenda kilomita 300 kwa saa huku kamera ikitazama ubavuni. Weka puto lisilosogea kabisa, katikati ya mstari unaotoka kwenye kamera hadi baharini. Kwenye picha, puto litaonekana likipita juu ya maji kwa kilomita 300 kwa saa, kinyume na upande inakoelekea droni. Lisogeze karibu zaidi na kamera, liwe kwenye robo ya umbali huo, na kasi inakuwa mara tatu: kilomita 900 kwa saa, kama ndege ya abiria. Na puto bado halijasogea hata hatua moja!

Hili limeshatokea. Video maarufu ya GoFast, iliyorekodiwa na ndege ya kivita ya jeshi la majini la Marekani mwaka 2015, nayo ilionyesha kitu kikichana juu ya bahari. Mwaka 2023 jopo huru lililoundwa na NASA lilichukua namba zilizokuwa kwenye skrini yenyewe, likatumia hesabu za pembetatu ambazo hata kidato cha nne wanaziweza. Kitu kilikuwa kwenye kimo cha takriban kilomita 4, na kasi yake ilikuwa karibu kilomita 64 kwa saa. Mwendo wa daladala, na upepo wa huko juu unaweza kabisa kukisukuma hivyo.

Na kombora je? Hellfire lilibuniwa kuvunja vifaru. Ni karibu kilo 50 zinazokwenda kasi kuliko sauti, na kiwashio chake kinasubiri kugonga kitu kigumu. Likipita kwenye ngozi nyembamba ya puto, linaweza lisilipuke, kama msumari unavyotoboa karatasi. Hebu tazama tena baada ya mgongano: kuna vipande vinavyoonekana kwenda sambamba na kile kitu. Kama kingekuwa kinakimbia kwa nguvu zake chenyewe, vipande vilivyomeguka vingezuiwa na hewa na kuachwa nyuma upesi. Lakini kama kasi ile inatokana na mwendo wa droni, basi vyote vitaonekana "kukimbia" pamoja. Ndiyo maana naegemea puto.

Utasema, jamani, waache watu wafurahie UFO zao. Sawa, ila picha za aina hii zina kazi nyingine. Tarehe 29 Agosti 2021 mjini Kabul, jeshi la Marekani lilifuatilia gari moja jeupe kwa droni kwa saa kadhaa, likaamini lina mabomu, likafyatua Hellfire. Walikufa raia 10, kati yao watoto 7. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, na uchunguzi wa waandishi wa habari ulionyesha kwamba vyombo alivyokuwa akipakia vilikuwa vya maji. Siku 19 baadaye jeshi likakiri kosa. Waliotazama zile picha walikuwa wataalamu wenye skrini kubwa na video nzima. Sisi tuna kipande kifupi kwenye simu.

Kwa hiyo ukitumiwa tena, muulize aliyekutumia: droni ilikuwa inakwenda kasi gani, na kuelekea wapi? Kitu kilikuwa umbali gani kutoka kwenye kamera? Upepo je? Kipande kilichoonyeshwa hadharani hakikuja na takwimu kamili za kamera. Jeshi likizitoa, hesabu yenyewe ni kazi ya jioni moja, na nitaifanya hapahapa. Ikitoka kilomita 900 kwa saa dhidi ya upepo, nitaandika hivyo.