Wamama, tujue sheria: pointi hazilipwi kwa mwili



Wengi wetu tunasomesha binti kwa jasho. Tunapokea zamu yetu ya likelemba na kuipeleka yote chuoni ili minervali ikamilike. Ndiyo sababu jambo la leo linatuhusu sote: walimu wa chuo kikuu wanaotaka mapenzi na wanafunzi wao.

Wanafunzi wa nchi yetu wamelipa jambo hili jina la mzaha mchungu: pointi zinazoambukizwa kwa ngono, kama ugonjwa. Mtihani unahesabiwa juu ya 20. Mwalimu ndiye anayetunga maswali, ndiye anayesahihisha, na mara nyingi ndiye anayeongoza kazi ya mwisho wa masomo. Akiamua kutoisoma kazi hiyo, binti anapoteza mwaka, na sisi tunalipa minervali tena.

Watu husema: "Lakini binti mwenyewe alikubali." Tujiulize, anayeogopa kupoteza mwaka anakataa namna gani? Hata yule anayempenda mwalimu kweli, siku wakikosana, pointi zake zinabaki mikononi mwa nani? Na wenzake darasani, wanaokesha na masomo, watapimwa kwa haki?

Vyuo vikubwa vya ng'ambo vimeona hatari hiyo. Mwaka 2015, Harvard ya Marekani iliwakataza maprofesa wa kitivo chake kikubwa cha sanaa na sayansi kuwa na mapenzi na wanafunzi wa digrii ya kwanza. Tangu Aprili 2023, Oxford ya Uingereza inakataza mahusiano ya mapenzi kati ya mfanyakazi na mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wake. Kabla ya hapo ilikuwa ikitoa shauri tu kwamba yaepukwe.

Sisi Wakongomani tuna sheria pia. Ni sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ngono. Kifungu 174d kinamgusa mtu yeyote anayemsumbua mwingine bila kuacha, kwa maneno, vitisho au kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, ili apate ngono. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 12, na faini ya faranga 50.000 hadi 100.000, au moja ya adhabu hizo.

Kifungu hicho hakikatazi mapenzi ya watu wazima wawili waliopendana kwa hiari. Kinaadhibu usumbufu. Kwa hiyo kanuni ya chuo chenyewe inahitajika pia, ili mwalimu asimpe pointi mtu anayelala naye.

Tena kuna neno moja ambalo kila mama alishike: kesi ya usumbufu huo haiendeshwi bila mlalamiko wa yule aliyesumbuliwa. Binti asiposema, mwalimu hashitakiwi. Na mara nyingi binti hasemi kwa sababu anaogopa nyumbani kuliko chuoni. Anajua ataulizwa alivaa nini, alifuata nini ofisini, na kama baba akijua ataachishwa masomo.

Basi tufanye hivi:

1. Binti akikosa pointi, tumuulize kwanza kilichotokea, kisha tuhukumu. Pengine hakusoma. Pengine alikataa jambo.

2. Tumwambie mapema, kabla ya mitihani, kwamba akisumbuliwa tutamsikiliza na hatutamwachisha masomo.

3. Asifute ujumbe wa simu. Aandike tarehe, saa, mahali na maneno aliyoambiwa. Akiitwa ofisini, aende na mwenzake.

4. Akitaka kulalamika, tumsindikize kwa wakubwa wa kitivo, kwa polisi au parke. Mlalamiko ni wake, lakini asitembee peke yake.

5. Vikundi vyetu viwaulize wakubwa wa chuo: kanuni yenu inasema nini juu ya mwalimu na mwanafunzi? Binti akilalamika, nani atasahihisha mtihani wake? Tuombe majibu kwa maandishi.

Tuna wana pia, na wengine watakuwa maasistenti na maprofesa kesho. Tuwafundishe tangu sasa kwamba mwanafunzi si mshahara wa mwalimu.

Juma hili, kila mama mwenye binti chuoni akae naye, wazungumze. Asingoje matokeo yatoke.