Sanduku Linaloonesha Vilivyomo

Wanachama wenzetu, tangu mwezi uliopita kila anayeingia ofisini kutia saini au kuuliza hesabu yake husimama kidogo mbele ya meza ya karani na kuinama. Hulitazama lile sanduku angavu kama maji, feni ikizunguka ndani yake na nyaya zikionekana moja moja, kisha huuliza: "Hiki ni kitu gani, na nani aliyekilipia?" Maswali yote mawili ni ya haki, na la pili lina haki zaidi, kwani fedha ya Chama ni jasho la mchumaji aliye juu ya mkarafuu. Kwa hivyo twaona yafaa tuyajibu hapa kwa wote, kuliko kumjibu kila mtu peke yake mlangoni.

Yaliyotokea msimu uliopita

Mtakumbuka kuwa katikati ya msimu, siku ambazo magari yalikuwa yakishusha magunia tangu alfajiri, kompyuta ya ofisi ilizimika isiwake tena. Watu walikuwa mlangoni wakitaka hesabu za majamvi waliyoazima na za fedha walizotanguliziwa kuwalipa wachumaji. Tulirudi kwenye daftari la mkono, nalo, twakiri, lilikuwa nyuma kwa siku tisa. Siku tisa hizo tulizijaza kwa kuulizana, huyu akikumbuka na yule akikana, na yakatokea maneno baina ya ndugu ambayo hatupendi yatokee tena. Baadaye ilionekana kuwa diski yenyewe ilikuwa nzima, na hesabu zilipotolewa zilituonesha kuwa watu wawili tuliwaandikia zaidi ya walichochukua. Tuliwaomba radhi na tukawarudishia haki yao.

Fundi alipolifungua sanduku lile la chuma mbele yetu, tuliona haya. Chini palikuwa pameliwa na kutu, kwani upepo wetu una chumvi mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi. Vumbi la karafuu na la barabarani lilikuwa limegandamana juu ya feni mfano wa blanketi, hata haikuweza kuzunguka. Na mjusi alikuwa amekufa baina ya nyaya mbili za umeme, na mayai yake yamebandikwa pembeni. Wengine walicheka wakasema mjusi ndiye aliyetutia hasara. Sisi twasema si mjusi. Sanduku lile lilikaa miaka bila ya mtu kulifungua, kwa kuwa nje lilikuwa zuri na ndani halionekani.

Basi ilipokubaliwa kununua viungo vipya, tuliomba ruhusa ya Kamati tulitengeneze sanduku wenyewe, na liwe la kuonea ndani.

Akriliki ni kitu gani

Tulifikiri kwanza juu ya bati, lakini bati nalo huliwa na kutu. Tukafikiri mbao za mvule, nazo ni imara, ila huficha kama chuma. Ndipo tulipochagua akriliki, yaani plastiki iliyo safi kama kioo lakini nyepesi kwa karibu nusu ya uzito wake, na haipati kutu milele.

Kitu hiki si kigeni kama mnavyodhani. Kiliuzwa kwanza Ujerumani mwaka 1933 na kampuni ya Bwana Otto Röhm kwa jina la Plexiglas, na Waingereza wakakiita Perspex. Katika Vita Vikuu vya Pili marubani wa ndege walikaa chini ya vifuniko vyake. Daktari mmoja wa macho wa London, Harold Ridley, aliona kuwa vipande vyake vilivyoruka vikaingia katika macho ya marubani havikuleta uvimbe mkubwa, na mwaka 1949 akakitumia kumtia mgonjwa lenzi ndani ya jicho. Huenda baadhi ya wazee wetu waliotolewa mtoto wa jicho wanatusoma leo kwa lenzi ya jamii hii.

Jinsi inavyokatwa

Akriliki haipendi msumeno wa haraka. Hupasuka au huyeyuka. Hukatwa vizuri kwa mwale wa leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Bwana Theodore Maiman huko California mwaka 1960, na mwaka 1964 Bwana Kumar Patel, mzaliwa wa Bara Hindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akavumbua ile itumiayo gesi ya kaboni dayoksaidi. Hii ya pili ndiyo itumikayo na mafundi wengi wa mabango. Mwale wake jicho halioni. Na ajabu ni kuwa bamba la akriliki, ambalo hupitisha karibu mwanga wote uonekanao kwa macho, huumeza mwale huo papo hapo, likageuka mvuke pale ulipogusa. Ukingo hubaki umeng'aa kama uliopigwa msasa na kusuguliwa.

Fundi wetu yuko Dar es Salaam, na kazi yake ni mabango ya maduka na ngao za zawadi. Alituonya mambo mawili yafaayo kujulikana na kila mtu. Kwanza, mashine isiachwe peke yake hata dakika moja, kwani mvuke wa akriliki hushika moto. Pili, mtu asimpelekee fundi plastiki yoyote tu aliyoiokota, maana ile iitwayo PVC, ya mabomba ya maji, ikipigwa leza hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kuila mashine yenyewe.

Kupima, na kosa letu

Kabla ya kukata ni kuchora, na kabla ya kuchora ni kupima. Kompyuta yetu mpya ina ubao mkuu wa aina iitwayo Mini-ITX, wenye milimita 170 kila upande, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Kisanduku cha umeme kina upana wa milimita 150, kimo 86 na urefu 140. Feni ni ya milimita 120, na matundu yake ya skrubu yamepishana milimita 105. Vipimo hivi ni vya dunia nzima, kwa hivyo kitu kikiharibika, kipya cha aina ile ile hukaa mahali pale pale.

Kijana wa mwanachama mmoja alituchorea mbao sita za sanduku kwa programu ya bure iitwayo Inkscape. Tuliziunganisha kwa ndimi na matundu, kama fundi seremala aungavyo sanduku la nguo, na kuzifunga kwa skrubu na nati bila ya gundi, ili sanduku lifunguke siku yoyote.

Hapo ndipo tulipokosea. Ubao mkuu hukaa juu ya vijiguu vinne vya shaba. Tuliyapima matundu matatu, na la nne tukalikisia kuwa limekaa mkabala na wenzake katika pembe nne kamili. Kumbe sivyo. Katika aina hii ya ubao tundu moja limeingia ndani kwa karibu milimita 23. Mabamba yalipofika kwa boti ya Mkoani tulikuwa na furaha ya watoto siku ya sikukuu, mpaka tulipoweka ubao mahali pake na kijiguu cha nne kikakosa tundu. Badala ya kungoja, tulichukua keekee ya seremala tukatoboe wenyewe. Bamba lililia kama ganda la yai, na ufa ukakimbia mpaka ukingoni. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tulidharau tundu la milimita tatu.

Bamba lile moja, pamoja na nauli yake, tumelilipa kutoka mfukoni mwetu. Halikuingia katika hesabu ya Chama, na stakabadhi yake imewekwa mbali na zile nyingine ili kila mtu aione.

Mara ya pili tulifanya kama ilivyopasa tangu mwanzo. Tuliulaza ubao juu ya karatasi tukatia alama matundu yote manne kwa penseli. Tulipima unene wa bamba, kwani linaloitwa la milimita 5 lilitoka 4.7, na ulimi wa kipimo hiki ukitiwa katika tundu la kile utacheza. Tulihesabu pia ule unga wa msumeno, tukisema kwa mfano, kwa kuwa mwale nao hula kama sehemu mbili za kumi za milimita. Matundu ya skrubu za milimita 3 tuliyapanua kidogo, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto kuliko chuma, na ikibanwa hupasuka. Kisha tukakata sanduku zima kwa maboksi ya karatasi ngumu, tukatia viungo vyote ndani, tukaona vyakaa. Ndipo tukatuma mchoro. Siku mabamba yaliporudi, kazi ya kuunga ilichukua baina ya adhuhuri na alasiri.

Matunzo na hatari zake

Hatutaki kuwaambia kuwa sanduku hili halina ila. Linazo, na karani amekwisha kuzijua.

Chuma huchukua joto na kulitoa nje, lakini akriliki haifanyi hivyo, kwa hivyo upepo lazima upite vizuri. Tumetoboa vitundu chini ambapo hewa huingia kupitia kitambaa cha kuchuja vumbi, na feni iliyo juu huitoa. Vitundu vyenyewe ni vidogo, mjusi hapiti. Akriliki huwaka moto, basi taa ya mafuta na chetezo cha udi havisogezwi mezani. Kisanduku cha umeme kimebaki ndani ya ganda lake la chuma na waya wake wa ardhini umeungwa, nalo hilo halifunguliwi na yeyote asiye fundi wa umeme. Redio ikiwekwa karibu huenda ikakwaruza, kwa kuwa hakuna chuma cha kuzuia mawimbi. Na ukilisugua sanduku kwa kitambaa kikavu hujaa umeme wa msuguano na kuvuta vumbi zaidi. Hupanguswa kwa maji na sabuni kidogo, kitambaa laini, baada ya kuzimwa. Spiriti na petroli ni marufuku, kwani kingo zilizokatwa kwa leza hupata nyufa ndogo ndogo.

Jambo la mwisho latuhusu sisi watu wa karafuu. Madaktari wa meno wanajua kuwa mafuta ya karafuu huzuia plastiki ya jamii hii isigande sawasawa inapotengenezwa. Sisi hatukungoja kuona yatalifanya nini bamba lililokwisha kuganda. Chupa za mafuta ya makonyo zilizokuwa zikiwekwa juu ya kompyuta ya zamani zimehamishiwa kabatini, na twawaomba wanaokuja na chupa zao mkononi waziweke dirishani kwanza.

Tulivyokubaliana

Kila mwisho wa mwezi karani atalichunguza sanduku mbele ya mwanachama yeyote atakayekuwapo ofisini, na wote wawili watatia saini. Hesabu za kila siku zitanakiliwa jioni ile ile, mara moja katika diski ya pili na mara moja katika daftari la mkono. Siku tisa hazitarudi. Mchoro wa sanduku umehifadhiwa, na kijana wa mwanachama yeyote anayetaka kujifunza aje apewe nakala bila ya malipo, ila asisahau lile tundu la nne. Stakabadhi zote zimo katika faili la kijani, juu ya rafu ya pili. Msituulize mlangoni tu. Ingieni, mvute kiti, mzisome.