Kura Moja ya Chake Chake



Uchaguzi ukipita, kila mtu huuliza nani kashinda; ni wachache waulizao majirani waliamkaje siku ya pili yake. Leo twataka kulizungumza hilo la pili, kwani mshindi wa leo aweza kushindwa kesho, lakini ujirani ukivunjika huchukua miaka mingi kuungwa. Sisi wa Mbweni hii ya pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam tuna sababu khasa ya kulitazama. Mbele yetu ni bahari, na ng'ambo yake ni Unguja, na nyumba nyingi za wenyeji wa mwambao huu zina shangazi, mjomba au mkwe huko. Basi yaliyowapata watu wa visiwani katika miaka ya kutafuta uhuru ni mambo ya jamaa zetu, na yafaa kila nyumba yenye kijana wa kupiga kura iyajue.

UCHAGUZI WA KWANZA

Zanzibar ilipiga kura kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1957. Viti vilivyogombewa vilikuwa 6 tu, na waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena wenye sifa zilizowekwa na serikali ya Waingereza. Huko Ng'ambo Bwana Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin kwa kura nyingi mno, na chama cha Hizbu hakikupata hata kiti kimoja.

Sasa tazama yaliyofuata. Katika mwaka wa 1958 watu waligomeana. Huyu hakununua tena dukani kwa yule kwa kuwa si wa chama chake. Wenye mashamba waliwatoa katika ardhi yao wakulima waliokuwa wakikaa na kulima humo, kwa sababu ya siasa. Hata msiba haukusalimika. Mtu alifiwa, na jirani wa chama kingine asifike mazikoni. Na hao wote, ila wachache, walikuwa Waislamu, wakielekea kibla kimoja na kufunga mwezi mmoja. Khitilafu ya siku moja ya kura iliingia mpaka penye jeneza.

KURA MOJA

Mwezi wa Januari 1961 walipiga kura tena, safari hii kwa viti 22. Kiti cha Chake Chake, kisiwani Pemba, kilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu iliyozidi. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Lau mtu mmoja tu angalichelewa shambani siku ile, kiti kile kisingalikuwa chao.

Hesabu ilipokwisha, Afro-Shirazi walikuwa na viti 10, Hizbu 9, na chama cha Sheikh Mohammed Shamte viti 3. Hao watatu nao wakagawanyika, wawili wakenda upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi, wakawa 11 kwa 11. Serikali ya kudumu haikuweza kusimama. Ikabidi kiti cha 23 kiongezwe na watu warudi vituoni tarehe 1 Juni 1961.

Asubuhi ya siku ile ugomvi ulianza mjini penye vituo vya kura, watu wakituhumiana udanganyifu, kisha ukaenea mashamba. Askari waliletwa kutoka Kenya. Ulipotulia, watu 68 walikuwa wamekufa, na wengi wao walikuwa wenye asili ya Kiarabu. Na matokeo? Afro-Shirazi walipata karibu nusu ya kura zote na viti 10. Hizbu wakapata 10 na chama cha Sheikh Shamte 3, na hawa wawili wakaungana wakaunda serikali.

Julai 1963 uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru ulikuwa wa viti 31. Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu. Wenzao walioungana wakapata 18. Sababu yake ni kuwa kura za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo waliyoshinda kwa wingi mkubwa, na kwingine walishindwa kwa wachache. Kwa sheria iliyokuwako, mwenye viti vingi ndiye mwenye serikali. Kwa moyo wa mpiga kura, aliyepata kura nyingi amedhulumiwa. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini watu waliokwisha kuachana dukani na mazikoni hawakuwa tena na baraza ya kukaa na kusikilizana.

Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Wako walioushangilia, na wako waliouona kuwa si wao. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakawa mapinduzi, na damu nyingi ikamwagika. Jamaa wengi walitawanyika, wengine hawakuonana tena hata kufa kwao.

NA SISI WA BARA

Huku Tanganyika mambo yalikwenda kwa wepesi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na viti 58 havikuwa na mpinzani hata mmoja. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulipokewa kwa ngoma na vifijo, na tuna haki ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ile. Lakini tuseme kweli: wazee wetu hawakuwa na jirani aliyeshindwa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipopata kura zaidi ya milioni moja, Bwana Zuberi Mtemvu alipata kama 21,000 tu. Kisha tangu 1965 hata 1992 chama kilikuwa kimoja kwa sheria. Tulijifunza kushangilia, wala hatukupata nafasi ya kujifunza adabu ya kukaa na aliyeshindwa. Somo hilo tumeanza kulisoma tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1994, na bado hatujahitimu.

Baada ya uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024, katika madrasa yetu watoto wawili waliokuwa wakisoma juzuu moja walikataa kukaa mkeka mmoja. Nilipouliza sababu, mmoja akanijibu, "Maalim, baba kasema wale si wenzetu." Mtoto wa miaka 8 hajui kazi ya mwenyekiti wa mtaa, haya kayatoa wapi ila nyumbani? Niliwaita baba zao baada ya sala ya Alasiri. Mmoja alisema kuwa alifika kituoni akaambiwa jina lake halimo daftarini. Wa pili akasema kuwa tangu siku ile kila apitapo barazani huitwa mwizi wa kura, naye hakushika hata karatasi ya mtu. Hawakuafikiana katika siasa, wala sikuwataka waafikiane. Waliafikiana kuwa watoto watakaa mkeka mmoja.

LINALOWEZEKANA

Asiseme mtu kuwa haiwezekani. Visiwani humo humo, baada ya umwagaji damu wa Januari 2001, wakubwa wa pande mbili walikaa wakazungumza. Mwezi wa Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura kama waitaka serikali ya pamoja, na karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Oktoba ya mwaka huo Dokta Ali Mohamed Shein alishinda kwa kura 50 na kidogo katika kila 100, na Maalim Seif Sharif Hamad akapata 49 na kidogo. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na haukuzuka msiba. Maalim Seif alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kisha mwaka 2015 matokeo yalipofutwa, migomo ya duka na mazishi ikarudi Pemba kama ile ya 1958. Tena mwezi wa Oktoba 2025 sisi wenyewe wa Dar es Salaam tuliona siku za uchaguzi zikipoteza roho za watu, na mji ukiwekewa amri ya kutotoka usiku. Hapana tena wa kusema kuwa hayo ni ya ng'ambo.

Basi kwanza twasema na aliyeshinda. Kura ni amana, na cheo ni amana iliyo nzito zaidi. Mwenyekiti wa mtaa akiandika barua ya utambulisho asimtazame mtu chama chake. Wala asidhani kuwa amani ni kumnyamazisha mwenye malalamiko. Dhuluma isiyosikilizwa haifi, hungoja siku yake.

Pili twasema na aliyeshindwa. Dai haki yako kwa ulimi na kwa sheria, wala usichoke. Lakini jirani yako aliyepiga kura kwingine hakukudhulumu kwa kuchagua alivyoona. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na hakutoa ruhusa kwa ajili ya uchaguzi.

Tatu, enyi wazazi, chungeni maneno yenu mbele ya watoto. Mzee akitukana watu wa chama kingine wakati wa chakula cha usiku, mtoto hulibeba neno lile asubuhi mpaka chuoni.

Na nyinyi vijana, mkapige kura, kwani mmekwisha ona uzito wa kura moja. Mkirudi nyumbani, mpitie kwa jirani mumjulie hali.

Mwenyezi Mungu aunganishe nyoyo zetu, awarehemu waliotutangulia, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.