Mkaa kwa jumba lililoungua, chumvi kwa ukuta wa bahari

Kasri la Maruhubi, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar, liliungua mwaka 1899. Sultan Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, na moto ulipomaliza kazi yake zikabaki nguzo nene zilizobeba roshani, pamoja na hamamu na mabirika yake. Wengi wanaokwenda pale kuchora hubeba penseli, nayo penseli huwapa picha safi: nguzo zimejipanga, minazi nyuma, bahari kwa mbali. Picha inapendeza, ila moto haumo. Anayeitazama aweza kudhani nguzo zile zilisimamishwa vile tangu mwanzo, mapambo ya bustani ya mkubwa fulani.

Nimechora magofu ya pwani yetu kwa muda mrefu, na kila nikiendelea imani yangu inazidi kuwa moja: kabla hujachagua cha kuchorea, uliza jengo limeuawa na nini. Moto, maji ya mvua, chumvi, kutu, mizizi ya miti, saruji, ugomvi wa mirathi. Kila kimoja huua kwa namna yake na huacha alama zake. Mchoraji akiijua alama, vifaa vitajitaja vyenyewe.

Kwa Maruhubi ni mkaa. Huu wa jikoni haufai sana, maana mkaa wa mikoko na wa vifuu ni mgumu, hukwaruza karatasi na kuacha weusi hafifu. Tafuta vijiti vyembamba vya mti mwepesi, vikauke vizuri, uvibane ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, kisha ulizike kopo kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, toa kopo, lakini usilifungue mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiwahi kuingia vijiti vikiwa vya moto, utakuta majivu. Vikipoa unapata vijiti vyeusi, vyepesi, vinavyolia vikigongana.

Sasa usianze kwa kuchora nguzo. Paka karatasi nzima weusi, isugue kwa kiganja mpaka weusi uingie, ndipo utoe nguzo humo kwa kipande cha mkate laini au raba. Unachora kwa kuondoa. Mahali pa mwanga unapafuta, mahali pa giza unapaacha. Na hivyo ndivyo moto ulivyofanya: mbao na paa viliondoka, yakabaki mawe. Mkaa hautulii. Ukipitisha mkono vibaya umefuta nusu ya roshani, na hofu hiyo humfundisha mchoraji kutazama kwa makini kabla ya kugusa. Kazi ikiisha, ipulizie dawa ya kugandisha mkaa, au dawa ya nywele kama hiyo ndiyo iliyopo, la sivyo utabaki na vumbi.

Kuta zenyewe zinataka ujuzi mwingine, na hapa ndipo wachoraji wengi huteleza kwa sababu hawajui zilivyojengwa. Nyumba za mawe za pwani, kuanzia Kilwa hadi Lamu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni kisha kuzimwa kwa maji. Ikishapakwa ukutani hufyonza hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa mfano wa jiwe. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haikuvuka sana mita tatu, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba. Paa likianguka boriti huoza au huibwa, na ukutani hubaki mstari wa mashimo yaliyopangana sawasawa. Ukiyaona mashimo hayo umeshajua ghorofa ilikuwa wapi na chumba kilikuwa na upana gani. Mchoro usio nayo, hata ungependeza vipi, umelisahau jengo.

Kwa jiwe la tumbawe lililovuliwa lipu natumia mshumaa. Sugua mshumaa mweupe juu ya karatasi nene yenye mikwaruzo, bila kukandamiza, nta ikae kwenye vilima tu. Kisha pitisha wino uliozimuliwa kwa maji. Nta huukataa, maji hukimbilia mabondeni, na ghafla karatasi ina vitundu vilevile vya tumbawe ambavyo kwa kalamu vingekuchukua siku nzima na bado vingeonekana vya kupangwa. Henry Moore wa Uingereza alitumia nta na rangi ya maji namna hii alipowachora watu waliojificha kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi, London ikipigwa mabomu mwaka 1940 na 1941. Alihitaji miili inayotokea gizani. Sisi tunahitaji jiwe linalotokea chini ya lipu. Kanuni ni ileile: maji yaachwe yafanye uamuzi.

Maji ndiyo muuaji mkubwa wa pwani, na chumvi ni mwenzake. Chumvi huyeyuka, hupenya kwenye vinyweleo vya jiwe na chokaa, jua likiwaka hugeuka fuwele, fuwele hukua na kusukuma, lipu inabanduka. Mvua ikinyesha mzunguko unaanza upya. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kukuta mji uliostawi, mawimbi yamekuwa yakila ufuo chini ya kuta zilizoikabili bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko.

Kwa kuta kama hizo, tandaza wino au rangi ya maji, na kabla haijakauka inyunyizie chumvi ya mawe. Kila punje hunywa maji yaliyoizunguka, na rangi huacha madoa meupe yenye miale. Baada ya kukauka, kung'uta. Lakini chumvi haitoki yote. Siku ya unyevunyevu karatasi inakuwa laini tena, madoa yanasogea, rangi inatoa jasho. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro ya kiufundi. Kwangu mimi hapo ndipo mchoro unaposema kweli kuhusu ukuta wa Kilwa, maana ukuta nao haujakauka.

Saruji nayo ina rangi yake. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Fundi mwenye haraka akiuziba kwa saruji ngumu, maji hukwama ndani, chokaa nyuma yake inalainika, na siku kiraka kikianguka huondoka na uso wa jiwe. Kiraka cha namna hiyo nakichora kwa penseli laini, 6B, nikiisugua kwa kidole mpaka rangi ya kijivu ing'ae na isiwe na chembe hata moja. Kikiwa katikati ya mkaa na nta, kinaonekana mara moja kwamba si cha hapo.

Halafu kuna chuma. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lilijengwa na Barghash huyohuyo mwaka 1883, na varanda zake zilibebwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Siwezi kulichora jumba hili kwa mzaha, wala kwa uzuri wa kadi za posta. Watu wamekufa pale.

Kwa chuma natumia chuma. Loweka misumari ya kutu kwenye siki kwa siku kadhaa. Kando, chemsha magome ya mkoko mpaka maji yawe mekundu ya kahawia. Magome haya yana tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, ndiyo maana zamani yalisafirishwa kwa majahazi na meli kwenda kwa watengeneza ngozi. Changanya hayo mawili na maji yanageuka meusi mbele ya macho yako. Umetengeneza wino wa jamaa moja na ule uliotumika Ulaya kwa karne nyingi, wa chuma na vinundu vya mwaloni. Chora kwa kalamu ya mwanzi, kama ile ya madrasa. Palipo na siki ya kutu peke yake patakuwa na rangi ya chungwa chafu, palipokutana na magome patakuwa peusi, na kati yao zitajitokeza kahawia ambazo hakuna duka linaloziuza. Tena mkoko ndio uliotoa boriti za miji hii, kwa hiyo mti uliobeba nyumba unakuja kuichora.

Wino huu hula karatasi. Miaka ikipita mistari minene huweza kutoboka. Giovanni Battista Piranesi, aliyechapa picha za magofu ya Roma katika karne ya 18, alichora juu ya bamba la shaba na kuacha asidi iling'ate. Victor Hugo, mwandishi wa Ufaransa, alichora makasri kwa wino, masizi na kahawa. Wote wawili walielewa kwamba kitu kinacholiwa huchorwa vizuri na kitu kinachokula.

Jambo moja silikubali kabisa. Wapo wanaobandua lipu ya gofu ili waisage wapate rangi, au wanaobandika karatasi juu ya kidaka chenye nakshi na kuisugua kwa mkaa wapate alama zake. Matokeo yanavutia, na sababu ya kisanii haikosekani. Lakini chokaa ya miaka mia sita haina haja ya mkono mwingine wa kuibomoa. Hamamu ya Maruhubi imekwisha kung'olewa marumaru zake. Ukitaka vumbi la tumbawe, nenda kwa wachoma chokaa. Ukitaka kusugua, sugua ubao wako mwenyewe uliopakwa lipu.

Na penseli ngumu, niliyoianza kwa kuisema vibaya, ina kazi ambayo mkaa hauiwezi. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha kitabu cha usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, chenye ramani na michoro iliyopimwa ya misikiti, majumba na makaburi. Mistari mikavu, haina kivuli wala huzuni. Ukuta ukianguka, mchoro wa namna hiyo humwonyesha fundi mlango ulikuwa wapi na kidaka kilikuwa na kina gani. Kwa hiyo kila gofu nalichora mara mbili: mara moja kwa 2H na futi ya kupimia, kwenye karatasi nzuri isiyo na asidi, na tarehe imeandikwa nyuma pamoja na upande nilikosimama, mara ya pili kwa kutu, chumvi au mkaa, kulingana na kilichoua jengo. Ule wa kwanza nauhifadhi kabatini. Wa pili nautundika ukutani, hata kama unyevu utaufikia.